Mzee Andongwisye Mwakibinga na Makaburi ya Kituo cha Anga

Mchungaji na wazee wa ushirika, wakwe zetu mliotoka Lufilyo, majirani wa Lufingo na wa hapa Ibighi, na ninyi nyote mliofika kutufariji, mimi ni Lilian, binti wa Baraka, mjukuu wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kama yalivyokuwa. Tarehe nitakazozitaja nimezihakiki kwa watu na kwa vyeti, pale ambapo mtu na cheti havikukubaliana nitasema, naomba tu mnivumilie nikisoma polepole.

Marehemu Andongwisye Lazaro Mwakibinga alizaliwa Lufingo tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Lazaro Mwakibinga na Bibi Tusekile, ambao wote wametangulia. Kitambulisho chake kinasema 1 Julai 1951, hiyo ni tarehe aliyoandikiwa na karani aliyekuwa na haraka zake, na babu hakuikubali mpaka mwisho, alikuwa akisema serikali imemfutia miaka miwili mizima aliyochunga ng'ombe. Alibatizwa katika Kanisa la Moravian Pasaka ya mwaka 1950, na kadi ya ubatizo ndiyo iliyonipa tarehe ya kweli.

Kuhusu elimu, aliingia darasa la kwanza Lufingo mwaka 1958, akiwa amechelewa kwa sababu ya ng'ombe hao hao, akamaliza darasa la nane mwaka 1965 katika shule ya misheni, na hapo safari ya shule ikaishia, kwa kuwa nafasi za kuendelea zilikuwa chache na kaka yake ndiye aliyepata.

Kuhusu kazi, kuanzia mwaka 1966 alichuma chai, hadi mwaka 1971 ulipoanza ujenzi wa kituo cha kusikiliza anga kwa redio juu ya kilima cha kwao, naye akaenda kubeba saruji na kokoto. Kwa ambao hamkuwahi kukiona, kilikuwa na dishi la chuma lenye upana wa nyumba mbili zikiwekwa pamoja, limetazama juu, na kazi yake ilikuwa kupokea mawimbi yanayotoka kwenye jua na kwenye nyota, kama antena ya nyumbani inavyopokea matangazo, watu wa Lufingo wakaliita Bakuli. Tarehe 1 Februari 1972 aliajiriwa kuwa mlinzi, baadaye akaongezewa kazi ya kupaka grisi mitambo inayoligeuza dishi, na mwaka 1974 mkuu wa kituo alimruhusu kujenga nyumba ndani ya mpaka, chini kidogo ya ukuta wa mitambo, akapanda na migomba. Ruhusa hiyo ilikuwa ya mdomo. Kituo kilifungwa tarehe 30 Juni 1991, wageni wakafungasha vyombo vyao wakaondoka, yeye akabaki, maana mke, watoto na migomba yake vilikuwa pale, na wageni walimwambia akiangalie mpaka watakaporudi.

Kuhusu ndoa, tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa takatifu na Bi Esnath, binti wa Lufilyo, baada ya ng'ombe wote waliotajwa kufika kwa wakwe, jambo ambalo wakwe zetu waliopo hapa ni mashahidi wake, na walijaliwa watoto wanne, watatu wako hai, ambao ni Baraka, Winfrida na Atupele, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Bibi Esnath alifariki tarehe 2 Juni 2006, akazikwa siku mbili baadaye nyumbani kwake, kama Wanyakyusa tunavyozika, pembeni mwa migomba, mahali ambapo mumewe akifungua mlango asubuhi anamwona. Kaburi lilisakafiwa, likawekewa msalaba wa zege uliopakwa rangi ya bluu, ubao wa kumiminia zege la msalaba huo babu aliuchonga mwenyewe, na zege lilichanganywa na rafiki yake Mzee Alawi Twalib, fundi redio wa mtaa wa Bagamoyo hapa Tukuyu, ambaye namwona amekaa pale karibu na lango. Siku ile ya maziko babu aliwaonyesha wanawe mahali pa kaburi lake, mkono wa kulia wa mkewe, akawaambia pasilimwe.

Tarehe 9 Agosti 2021 taasisi iliyorithi eneo la kituo, ambayo sitaitaja kwa sababu familia imeshauriwa hivyo, ilitangaza kwamba majengo yatabomolewa, dishi litakatwa, na kilima kitasawazishwa kwa ajili ya ghala la kufungashia maparachichi. Wananchi wa Lufingo walikataa. Walikataa kwa sababu mbalimbali, wengine kwa kuwa watoto wao walijifunza pale sayansi, wengine kwa kuwa Bakuli lilikuwa alama ya kwao inayoonekana kutoka barabarani, wengine, niseme ukweli, kwa kuwa hawakuambiwa watapata nini kwenye ghala. Iliundwa kamati ya kuokoa kituo, babu akachaguliwa mwenyekiti, na jirani yake wa karibu, Ndugu Jacob, akawa katibu.

Kamati hiyo ilifanya kazi ambayo sijaona nyingine kama hiyo hapa wilayani. Walifyeka nyasi hadi getini, waliziba mabati, walikwangua kutu kwenye dishi kwa misasa ya kununua wenyewe, walileta wanafunzi kwa zamu, wakaenda wilayani na mkoani wakiwa na mchungaji na shehe kwenye gari moja. Mzee Alawi alichukua mashine ya kupokelea, iliyokuwa makazi ya panya kwa miaka thelathini, akaikalia nyuma ya duka lake kwa miezi mitano, na Jumamosi tarehe 19 Februari 2022 akaiunganisha kwenye dishi na spika mbili za harusi, kilima kizima kikasikia mvumo wa jua. Bibi mmoja aliuliza kama huko juu wanakaanga kitumbua, watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na babu, ambaye alilinda ule mtambo miaka kumi na tisa bila kuruhusiwa kuusikiliza, alisimama karibu na spika mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Pamoja na hayo yote, mwezi Desemba 2022 jibu lilikuja kwamba ubomoaji uko palepale.

Ndipo Jumapili tarehe 15 Januari 2023, baada ya ibada, kamati ilikutana nyumbani kwa babu, na Ndugu Jacob akatoa wazo lake, akasema, "Serikali inavunja nyumba, haivunji makaburi. Tuwape makaburi." Alieleza kwamba sheria inadai ndugu waitwe, afisa afya aje, kila kaburi lihamishwe kwa heshima yake, na kwamba kilima kikionekana kimejaa wafu, mwenye ghala atatafuta kilima kingine. Babu alikataa. Alisema mtu hafukui shimo la kaburi bila maiti, kwetu shimo lililo wazi linaita wa kulijaza, na wazee wawili walimuunga mkono. Lakini mama mmoja wa kamati, ambaye sitamtaja kwa kuwa amefika na amelia kwa dhati, alimjibu hivi, "Mwenyekiti, wewe una wako kule tayari, ndiyo maana huna shida. Sisi tusio na mtu kilimani ndio wageni, siyo?" Watu walicheka, na babu, ambaye hakuna neno lililomuuma kama kuambiwa anajiona bora kuliko jirani yake, alisema basi mashimo yasichimbwe, udongo urundikwe tu juu, asije akaitwa mtu.

Hakuishia hapo. Walipoanza kazi, Jumamosi tarehe 28 Januari, misalaba ya miti waliyoileta ilikuwa mipya na imepinda, mtoto mdogo angejua ni ya jana, naye babu hakuweza kuona kazi mbovu akaivumilia, aliingia ndani akatoa ubao wake wa kumiminia msalaba, ule wa bibi, akawaonyesha uwiano wa saruji na mchanga, akawaonyesha namna ya kusakafia kingo, na misalaba ilipokauka akawapa jina la rangi na duka. Ilikuwa siku ya furaha, wote walioshiriki wananiambia hivyo. Mmoja alimzika baba yake ambaye amelala Chunya tangu mwaka 1983, mwingine alimwandikia kaburi mama mkwe wake, na mama mkwe huyo akaleta uji wa mafundi na kuuliza kwa nini jina lake limekosewa herufi. Wakapaka matope na samadi ili saruji ionekane ya zamani. Jioni kilima kilikuwa na makaburi kumi na tano, kumi na manne ya uongo na moja la kweli, na yote yalifanana, kwa sababu yote yalitoka kwenye mkono wa mtu mmoja.

Taasisi ilifuata sheria, neno kwa neno. Ilibandika tangazo, ikasubiri muda uliotakiwa, ikaja Jumanne tarehe 2 Mei 2023 na afisa wake, afisa afya, kibali na vijana wa kuchimba, ikaomba ndugu wasimame kila mmoja kwenye kaburi lake. Hakuna aliyesimama, isipokuwa babu. Walifungua la kwanza, wakakuta udongo ambao haujawahi kuguswa. Walifungua la pili, hivyo hivyo. Katika la tatu kulikuwa na mgomba uliofungwa kwenye mkeka, kwa kuwa kuna mmoja aliyeogopa kuacha kaburi tupu akaona bora azike kitu, na vijana wa kuchimba waliutoa, wakaulaza kwenye nyasi, mmoja wao akauvulia kofia na kumpa pole afisa afya.

Afisa aliwauliza wananchi waliokuwa pale, na kamati nzima ilikuwa pale, nani amejenga makaburi haya. Kila mmoja alisema hajui. Aliuliza kama kuna hata moja lenye mtu. Walisema hawajui. Ninaelewa kwa nini walisema hivyo, maana kudanganya ofisi ya serikali ni kosa, na mtu akishasema lile moja ni la kweli anakuwa amekiri kwamba anayajua haya mengine, lakini ninaandika historia na si utetezi, na ilivyokuwa ni kwamba watu waliokula msibani kwa bibi Esnath, walioimba usiku kucha, waliobeba jeneza kutoka mlangoni hadi migombani, walisimama mbele ya msalaba wake na kusema hawajui kama kuna mtu.

Babu alisema yeye ndiye aliyeyajenga yote, peke yake, na kwamba lile lililo migombani ni la mke wake. Afisa, ambaye hakuwa mtu mkali, alimjibu, "Mzee wangu, umetuambia sasa hivi umetudanganya mara kumi na nne. Hii ya kumi na tano tukuamini kwa lipi?" Mzee Alawi alijitokeza akasema zege la kaburi lile alilichanganya yeye, na hapo Ndugu Jacob akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba fundi redio wa mjini atajuaje nani kazikwa wapi Lufingo, na kwamba hata dini ya kuzika kwa msalaba siyo yake. Mzee Alawi akarudi nyuma.

Afisa alitoa njia moja. Alisema lifunguliwe, ikionekana mifupa, marehemu atahamishwa kwa gharama ya taasisi na kuzikwa upya mahali familia itakapotaka, na kwa kuwa ni mwanamke aliyeolewa, walete ridhaa ya kwao, kama mila inavyotaka, kabla ya Ijumaa tarehe 12, la sivyo litahesabiwa la uongo kama mengine. Babu akapanda gari kwenda Lufilyo kwa kaka wa marehemu, Mzee Nsajigwa, ambaye ndiye mwenye neno juu ya mwili wa dada yake. Alikaa pale siku tatu. Siku mbili za kwanza hakupewa nafasi ya kusema, alipewa chakula, akapewa mahali pa kulala, na kila alipofungua mdomo aliambiwa ale kwanza. Siku ya tatu Mzee Nsajigwa alimwita mbele ya ukoo akasema, "Shemeji, tulikupa dada yetu ukamzika, tukashukuru. Umefundisha watu kuiga kaburi lake kama mchezo wa watoto. Leo unataka tukupe ruhusa umchimbue kama kiazi, uwaonyeshe watu kwamba kumbe huyu ni wa kweli?" Ridhaa haikutolewa. Babu hakubishana, kwa kuwa alikuwa Mnyakyusa na alijua ni haki yao, na yeye mwenyewe, kabla ya yote haya, angesema vivyo hivyo.

Ijumaa tarehe 12 Mei 2023, mvua ikinyesha, dishi lilikatwa vipande kwa gesi na kupakiwa kwenye lori la chuma chakavu, kazi iliyomalizika kabla ya saa nane, halafu katapila likaingia migombani. Babu alitembea mbele yake kinyumenyume akimwomba dereva, na dereva alizima injini mara mbili akashuka kumsogeza kwa mikono, kwa upole, kama mtu anavyomsogeza mgonjwa. Udongo ulisukumwa wote kwa pamoja hadi ukingo wa chini wa kilima, wa kaburi la kweli na wa yale ya uongo, misalaba yote ilikuwa ya bluu, na alipoteremka kwenda kutafuta vipande hakuweza kujua kipi ni kipi, kwa kuwa aliwafundisha vizuri. Ghala limejengwa. Sehemu lilipokuwa kaburi ni maegesho, na mlinzi wa geti ni Ndugu Jacob, kazi ambayo wengi wenu mliiomba.

Kuhusu ugonjwa, tangu siku hiyo marehemu alihamia hapa Ibighi kwa mwanawe Baraka, miguu ikaanza kuvimba mwezi Novemba 2023, na tarehe 17 Januari 2024 madaktari walibaini kuwa moyo umepanuka. Yamesemwa maneno katika msiba huu, nimeyasikia jikoni na nimeyasikia kwenye viti, kwamba kaburi tupu limempata mwenyewe. Nimesoma cheti cha kifo, kimeandikwa moyo kushindwa kufanya kazi, na nawaomba mkiondoka hapa muondoke na hilo. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 30 Agosti 2025, na alifariki Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, binti yake Winfrida akiwa kando yake. Alikuwa amekataa kutembelewa na kamati kwa muda wote huo, jambo ambalo baadhi yenu mlilalamikia, na familia inaomba radhi kwa niaba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Tukuyu na wa Mbeya, waliomhudumia bila kuchoka na waliotueleza ukweli tulipouliza. Inamshukuru mchungaji na ushirika. Inamshukuru Mzee Alawi Twalib, aliyekuja kila Ijumaa baada ya swala, akakaa naye sebuleni na redio ndogo imewekwa katikati ya stesheni mbili, wakisikiliza mvumo. Inawashukuru wakwe zetu wa Lufilyo kwa kuja, na kwa ng'ombe waliyemleta. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wawili waliobaki. Majirani wa Lufingo, ndaga fijo, asanteni sana, mmechanga, mmeleta ndizi na kuni, mmejaza mabasi mawili, na turubai hili tulilokaa chini yake ni la kamati, lile lile la siku ya kusikiliza jua.

Marehemu aliacha neno moja tu la mazishi yake, alilisema kwangu tarehe 2 Septemba akiwa na akili zake timamu, mbele ya shangazi Winfrida, nami nililiandika palepale na kumsomea akalikubali. Hatuwezi kumzika alikotaka, hilo alilijua. Aliomba hapa Ibighi kaburi lake lisisakafiwe na lisiwekwe msalaba wa zege. Na aliomba kwamba wakati wa kutoa heshima za mwisho jeneza lisifunikwe mpaka wote waliotoka Lufingo wamepita, mmoja mmoja, na anayepita asiangalie pembeni, amtazame usoni, kisha aendelee hadi shimoni aone anashushwa, aweke udongo kwa mkono wake. Alisema, "Wapite wote. Siku wakiulizwa kama hapo kuna mtu, wawe wanajua."

Kwa hiyo baada ya sala hatutafuata utaratibu uliotangazwa asubuhi. Kamati itatangulia, ikiongozwa na katibu, Ndugu Jacob, ambaye namwomba asogee, halafu majirani, halafu wakwe, sisi wa familia tutakuwa wa mwisho.

Babu, umechoka, lala salama, safari hii tuko wengi tunaojua ulipo.